Saa za bure, posho na ruzuku za malezi England: namna ya kuomba bila kupitwa na tarehe

Kituo cha kulelea watoto England hakingoji mwisho wa mwezi. Bili huja mapema, mara nyingi kabla mtoto hajavuka mlango, na kwa familia nyingi ni mzigo unaofuatana na pango la nyumba. Msaada wa serikali upo, tena mkubwa. Tatizo ni kwamba umegawanywa mafungu, na kila fungu lina mlango wake, fomu yake na tarehe zake. Mzazi anaweza kustahili kila kitu na bado akalipa bili nzima kuanzia Septemba hadi Desemba, kwa sababu tu aliomba tarehe 2 Septemba badala ya tarehe 31 Agosti.

Viwango vilivyomo humu ni vya mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025. Vingi hubadilika kila Aprili, kwa hiyo linganisha na tovuti ya serikali, GOV.UK, kabla ya kupiga hesabu ya mwisho.

Kwanza, tazama viza yako

Usijaze fomu yoyote kabla ya hatua hii. Fungua eVisa yako, yaani rekodi ya viza iliyo mtandaoni, usome masharti. Ukikuta maneno "No recourse to public funds", maana yake umezuiwa kuchukua fedha za umma, na Child Benefit (posho ya mtoto) pamoja na Universal Credit (posho ya wenye kipato kidogo) zimo ndani ya katazo hilo. Kuzichukua ukiwa umezuiwa ni kuvunja masharti ya viza, na jambo hilo linaweza kukurudia siku unapoomba kuongezewa muda au kupewa ukaazi wa kudumu. Mkimbizi aliyekubaliwa hana zuio hili. Mwenye ukaazi wa kudumu hana.

Lakini zuio halifungi kila mlango, na hapa ndipo familia nyingi hujinyima haki ya mtoto kwa hofu. Saa 15 za malezi ya bure kwa wiki za mtoto wa miaka 3 na 4 ni za kila mtoto anayeishi England, hata kama wazazi wake wana viza yenye zuio. Mtoto wa miaka 2 wa familia iliyozuiwa naye anaweza kupata saa 15 kupitia halmashauri, ikiwa mapato ya nyumba kwa mwaka hayazidi pauni 26,500 kwa familia yenye mtoto mmoja nje ya London, au pauni 34,500 ndani ya London. Wenye watoto wawili au zaidi, kiwango ni pauni 30,600 nje ya London na 38,600 ndani yake. Akiba isizidi pauni 16,000.

Je, kama mmoja amezuiwa na mwenzake hajazuiwa? Basi aombe yule asiyezuiwa. Baba mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kudai Child Benefit ya mtoto wake hata kama mama yuko kwa viza ya mwenzi. Kwa Tax-Free Childcare (nyongeza ya serikali kwenye bili ya malezi) na saa 30 za bure za wazazi wanaofanya kazi, inatosha mzazi mmoja awe raia wa Uingereza au Ireland, au awe na hadhi ya settled au pre-settled (ukaazi wa raia wa Ulaya na familia zao), au ruhusa ya kupata fedha za umma. Sharti la kazi, hata hivyo, linawahusu wote wawili.

Ukibaki na shaka, nenda Citizens Advice, ambako ushauri ni bure, au kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Mambo ya viza usiyaamue kwa maneno ya kundi la WhatsApp.

Child Benefit: dai hata kama hutachukua pesa

Hii ndiyo posho ya msingi: pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza, na pauni 17.25 kwa kila anayemfuata, bila ukomo wa idadi ya watoto. Kwa mtoto mmoja ni pauni 1,354.60 kwa mwaka. Hulipwa kila baada ya wiki 4. Mzazi anayelea peke yake anaweza kuomba alipwe kila wiki.

Anza kwa kusajili uzazi. England muda wake ni siku 42. Saa 48 baada ya kusajili unaweza kudai mtandaoni, kwa programu ya HMRC (mamlaka ya kodi) kwenye simu, au kwa fomu ya karatasi iitwayo CH2. Andaa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, namba yako ya National Insurance (bima ya taifa), ya mwenzako kama unaye, na maelezo ya akaunti ya benki. Mtoto aliyezaliwa nje, iwe Mombasa, Bukavu au Muscat, atahitaji cheti halisi na pasipoti au hati yake ya kusafiria. Kama cheti si cha Kiingereza, kiambatishie tafsiri.

Malipo hurudi nyuma miezi 3 tu. Mtoto aliyezaliwa Januari na kudaiwa Septemba amekwisha kupoteza miezi kadhaa ambayo hairudi.

Sasa jambo ambalo watu hulipuuza kisha likawaumiza uzeeni. Mtoto mmoja anadaiwa na mtu mmoja tu, na huyo mdai, kama hafanyi kazi au kipato chake ni kidogo, huhesabiwa kuwa anachangia National Insurance mpaka mtoto afikishe miaka 12. Pensheni kamili ya serikali huhitaji miaka 35 ya michango. Kwa hiyo katika nyumba ambayo baba anafanya kazi na mama yuko nyumbani na mtoto, mdai anapaswa kuwa mama. Baba akiandika jina lake kwa mazoea ya "mimi ndiye kichwa cha nyumba", ile miaka ya mama inapotea, ilhali yeye baba hana haja nayo kwa kuwa mwajiri wake tayari anamkata.

Mzazi mmoja akizidi mapato ya pauni 60,000 kwa mwaka, sehemu ya posho hurudishwa kama kodi: asilimia 1 kwa kila pauni 200 za ziada, mpaka inakwisha yote kwenye pauni 80,000. Mwenye watoto wawili na mapato ya pauni 68,000 atarudisha asilimia 40, yaani takriban pauni 900 kati ya 2,251. Kinachotazamwa ni mapato ya mmoja mwenye zaidi, si jumla ya nyumba. Wawili wenye pauni 59,000 kila mmoja hawarudishi kitu. Na hata katika nyumba ya anayepita pauni 80,000, mwenzake aliye nyumbani ajaze dai kisha aweke alama ya kutopokea malipo; hivyo ataendelea kuhesabiwa michango ya pensheni.

Saa za bure

Tangu Septemba 2025, mtoto wa wazazi wanaofanya kazi England anastahili saa 30 kwa wiki kuanzia umri wa miezi 9 mpaka aanze shule. Saa hizo ni za wiki 38 za mihula, jumla saa 1,140 kwa mwaka. Vituo vingi huzitandaza mwaka mzima, na hapo zinakuwa kama saa 22 kwa wiki. Uliza mapema kituo chako kinatumia hesabu ipi, kwa sababu mzazi aliyepanga siku tatu nzima kwa kudhani ana saa 30 kila wiki hushtukia bili ya Agosti.

Sharti la kazi ni hili: kila mzazi atarajie kupata, ndani ya miezi 3 ijayo, angalau mshahara wa kima cha chini kwa saa 16 kwa wiki. Kwa mwenye miaka 21 na zaidi ni pauni 2,539 kwa miezi 3. Miaka 18 hadi 20 ni pauni 2,080. Chini ya miaka 18 au mwanagenzi ni pauni 1,570. Wazo ni kipato, si saa zenyewe: anayelipwa vizuri kwa saa 10 anaweza kufikisha. Aliyejiajiri ndani ya miezi 12 ya kwanza hadaiwi kufikia kiwango hicho. Aliye likizo ya uzazi au ya ugonjwa huhesabiwa yuko kazini. Mzazi mmoja akiwa anapokea posho ya kumhudumia mgonjwa, Carer's Allowance, na mwenzake anafanya kazi, bado wanafaa.

Juu kuna dari: mzazi yeyote mmoja akizidi pauni 100,000 kwa mwaka, saa hizi zote zinaondoka, na Tax-Free Childcare inaondoka nazo. Hazipungui kidogo kidogo; pauni moja ya ziada inatosha. Anayekaribia dari hiyo huongeza mchango wa pensheni, kwa sababu mchango huo hupunguza mapato yanayohesabiwa.

Wasiofikia sharti la kazi wasikate tamaa. Mtoto wa miaka 3 na 4 ana saa 15 bila sharti lolote la mapato, na kwa hizi huhitaji kuomba msimbo, ile namba inayoelezwa hapa chini. Unazungumza na kituo moja kwa moja. Mtoto wa miaka 2 wa familia iliyo kwenye baadhi ya posho ana saa 15 kupitia halmashauri. Walio kwenye Universal Credit, mapato ya kazi ya nyumba yasizidi pauni 15,400 kwa mwaka baada ya kodi.

Tarehe tatu zinazoamua kila kitu

Mtoto haanzi kupata saa siku anayotimiza umri. Anaanza muhula unaofuata. Anayetimiza miezi 9 kati ya 1 Januari na 31 Machi anaanza Aprili. Kati ya 1 Aprili na 31 Agosti, anaanza Septemba. Kati ya 1 Septemba na 31 Desemba, anaanza Januari. Chukua watoto wawili: aliyezaliwa 25 Novemba 2025 anatimiza miezi 9 tarehe 25 Agosti 2026 na anaanza Septemba hiyo hiyo. Aliyezaliwa 10 Desemba 2025 anatimiza tarehe 10 Septemba 2026 na atangoja mpaka Januari 2027. Siku kumi na tano kati ya kuzaliwa kwao, miezi minne ya bili.

Umri pekee hautoshi. Lazima uwe na msimbo, namba ya tarakimu 11, kabla muhula haujaanza: mwisho ni 31 Agosti, 31 Desemba au 31 Machi. Msimbo uliotoka tarehe 1 Septemba ni wa Januari. Mkuu wa kituo hawezi kukusaidia hata akitaka, kwa kuwa halmashauri haimlipi kwa msimbo uliochelewa.

Kuwahi kupita kiasi nako kuna mtego wake. Kila baada ya miezi 3 unatakiwa kuingia kwenye akaunti na kuthibitisha kwamba hali yako haijabadilika. Aliyeomba mwanzoni mwa Mei kisha akasahau, msimbo wake unaweza kuwa umekwisha muda kabla ya Septemba, na mtoto hataanza. Wakati mzuri ni kama wiki sita hadi nane kabla ya muhula. Dirisha la kuthibitisha hufunguka wiki 4 kabla ya tarehe yako. Usitegemee barua pepe ya kukumbushwa. Weka kengele nne za mwaka kwenye simu, na mwenzako aweke zake.

Anayerudi kutoka likizo ya uzazi ana kalenda ya ziada: kama saa za mtoto huyo zinaanza Septemba, awe amerudi kazini ifikapo 30 Septemba.

Kuomba msimbo, hatua kwa hatua

Maombi hufanywa GOV.UK, kama dakika 20 hivi, na maombi yale yale ndiyo hufungua akaunti ya Tax-Free Childcare. Weka mbele yako namba ya National Insurance yako na ya mwenzako, tarehe mlizoanza kazi kama hazijapita miezi 3, namba ya mlipakodi kwa aliyejiajiri, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Maombi mengi hukwama kwenye majina. Sisi tuna majina matatu, na la tatu la babu huenda kwenye pasipoti limeandikwa kama la ukoo, kwa mwajiri limeandikwa la baba, na kwenye barua ya National Insurance yamegeuzwa. Mfumo unalinganisha herufi kwa herufi. Andika jina kama lilivyo kwenye kumbukumbu za HMRC, yaani kwenye hati ya mshahara na barua ya National Insurance, si kama unavyoitwa nyumbani. Kama kumbukumbu zina kosa, zirekebishe kwanza. Kosa la tarehe ya kuzaliwa hukwamisha vilevile.

Majibu yanaweza kuja papo hapo au yakachukua siku 7, na HMRC ikitaka ushahidi wa kazi au uhamiaji yatachukua zaidi. Ndiyo maana tarehe 30 Agosti si siku ya kuanza kujaza. Ukikwama, simu ya huduma ya malezi ni 0300 123 4097.

Ukipata msimbo, mpe mkuu wa kituo pamoja na namba yako ya National Insurance na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, naye ataukagua. Msimbo si nafasi. Vituo vina foleni, hasa vya watoto wachanga, kwa hiyo tafuta nafasi miezi mingi kabla, wakati mwingine ukiwa bado mjamzito.

Kisha omba orodha ya gharama kwa maandishi. Saa zenyewe ni bure, lakini kituo kinaweza kutoza chakula, nepi, mafuta ya jua na matembezi. Kwa mwongozo wa serikali malipo hayo ni ya hiari, na hayawezi kuwa sharti la kupewa nafasi. Mzazi anaweza kuomba alete nepi zake na chakula chake, jambo la maana kwa wanaozingatia halali. Kituo kikisema "saa ni bure lakini lazima ulipe pauni 15 kwa siku", peleka malalamiko kwa kitengo cha malezi ya watoto cha halmashauri. Saa zinaweza kugawanywa kati ya vituo, visizidi viwili kwa siku, na zisizidi saa 10 kwa siku moja.

Bili iliyobaki: Tax-Free Childcare au Universal Credit

Hapa unachagua moja. Mbili kwa pamoja hazikubaliki.

Tax-Free Childcare inafanya kazi hivi: ukiweka pauni 8 kwenye akaunti ya mtoto, serikali inaweka 2. Mwisho wake ni pauni 500 kila miezi 3 kwa mtoto mmoja, au 1,000 kama mtoto ana ulemavu. Kwa maneno mengine, bili ya pauni 1,000 unailipa kwa 800 za mfukoni. Inadumu hadi tarehe 1 Septemba baada ya mtoto kutimiza miaka 11. Masharti ya kazi na dari ya pauni 100,000 ni yale yale ya saa 30.

Angalia mambo mawili. Kila mtoto ana namba yake ya kumbukumbu ya malipo. Ukituma pesa benki bila namba hiyo, au ukitumia ya ndugu yake, zitapotea njia. Pili, weka pesa siku kadhaa kabla ya tarehe ya bili, kwani nyongeza ya serikali na uhamisho kwenda kituoni huchukua muda. Usipothibitisha baada ya miezi 3, nyongeza husimama, na ya siku zilizopita hailipwi.

Universal Credit hurudisha asilimia 85 ya ulicholipa, hadi pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja na 1,768.94 kwa wawili au zaidi. Haina kima cha chini cha saa za kazi, ila wazazi wote wawili lazima wawe kazini. Ugumu wake ni kwamba unalipa kwanza, unarudishiwa baadaye. Anayeanza kazi na hana pauni 900 za mwezi wa kwanza amwambie mshauri wake wa kazi kabla ya kulipa, aombe msaada wa Flexible Support Fund, huo haurudishwi. Na risiti ipakiwe mara tu unapolipa: gharama inapaswa kuripotiwa kabla ya kwisha kwa kipindi cha tathmini (mwezi wa hesabu ya Universal Credit) kinachofuata kile ulichofanyia malipo. Ikichelewa, unaweza kupoteza yote.

Kwa kipato kidogo, Universal Credit kwa kawaida ndiyo yenye faida, kwa sababu asilimia 85 ni zaidi ya 20, na ndani yake mna pia msaada wa pango. Usiiache kwa kufuata tangazo la "malezi bila kodi" kabla hujatumia kikokotoo cha GOV.UK. Unapoomba saa 30 ukiwa kwenye Universal Credit, jibu swali la posho kwa ukweli. Saa utazipata bila kuigusa Universal Credit yako.

Bibi akimlea

Pesa hizi hulipa kituo au mlezi aliyesajiliwa, mara nyingi na Ofsted, wakaguzi wa shule na vituo vya malezi. Bibi, shangazi au mjomba halipwi kwa saa za bure hata akijisajili kuwa mlezi wa watoto, ikiwa mtoto ni wa ndugu yake. Kwa Tax-Free Childcare, ndugu aliyesajiliwa anaweza kulipwa pale tu anapomlea mtoto nje ya nyumba ya mtoto huyo.

Kuna kitu bibi anaweza kupata, nacho ni michango ya pensheni. Kama anaishi Uingereza, hajafikia umri wa pensheni ya serikali, na analea mjukuu wa chini ya miaka 12 wakati mama yuko kazini, ile haki ya michango inayotokana na Child Benefit inaweza kuhamishiwa kwake. Mama hana haja nayo maana anachangia kazini. Fomu ni CA9176, bibi na mama wote wanasaini, na huombwa baada ya tarehe 31 Oktoba inayofuata mwisho wa mwaka wa kodi husika. Hii nayo huanguka ikiwa hakuna aliyedai Child Benefit.

Ukihamia Glasgow, Cardiff au Belfast

Child Benefit, Tax-Free Childcare na Universal Credit zinafanana Uingereza nzima. Saa za bure ndizo hubadilika. Scotland hutoa saa 1,140 kwa mwaka kwa kila mtoto wa miaka 3 na 4 bila kuuliza kazi ya wazazi, na familia zilizo kwenye Universal Credit zina Scottish Child Payment ya pauni 27.15 kwa wiki kwa kila mtoto chini ya miaka 16, inayoombwa kwa Social Security Scotland. Wales na Ireland ya Kaskazini zina mipango yao wenyewe. Msimbo wa England hautumiki huko, kwa hiyo toa taarifa kwenye akaunti yako siku unapohama, na uombe upya kule unakokwenda.